Mahari ya Mtasema

Songwa, Shinyanga
Mwezi wa Rajabu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na ya Baba umfikishie akirudi msikitini. Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwakunjwa lakini inasomeka, na nimefurahi sana kusikia goti limepoa na sasa unakwenda sokoni bila fimbo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mwili umerudi. Huku mvua zimekwisha na vumbi limeanza, mchele wao ni mzuri usipime, ila samaki wa Pangani nimebaki kumwota tu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama bado nashika mbwa. Nashika, Mama, kila siku ya Mungu. Nikitoka kazini najitoharisha kwa maji na udongo kama Baba alivyotufundisha, nabadilisha nguo, ndipo nasali. Asiwe na wasiwasi. Ng'ombe wa huku wana mabwana mifugo wao. Chumba chetu cha matibabu ni cha mbwa na paka, na Daktari Nkwabi ninayemsaidia ndiye bingwa wao, alisomea nje kuwapasua na kuwashona. Mwanzoni watu walitucheka: daktari mzima wa paka! Siku hizi wanajaa mlangoni asubuhi, maana paka ndiye anayelinda mtama ghalani na mbwa ndiye askari wa zizi.

La pili ni ile kanga ya Idi uliyoniagiza, yenye maneno ya kumchoma Shangazi kwa vile alivyosema msibani kwamba umemwachia mwanao akaoge mate ya mbwa bara. Nimekusikia. Lakini kabla sijakujibu, nikupe kisa cha huku.

Hapa Songwa yupo Mzee Ng'wandu, aliyekuwa mlinzi kwenye mgodi wa almasi. Alipostaafu akaezeka nyumba yake kwa bati. Jirani yake, Mzee Lushinge, akasema kilabuni kwamba bati zile si za mshahara, ni za almasi zilizotoka getini ndani ya kofia. Maneno hayana miguu lakini hufika. Kwetu mtu angejibiwa kwa kanga. Wasukuma wanajibu kwa jina la mbwa! Mzee Ng'wandu akatafuta mbwa jike, akamwita Mtasema. Kila jioni anasimama uani, uso kwa jirani, anaita kwa sauti ya mnada: "Mtasemaaa! Njoo ule!" Lushinge naye si wa kushindwa. Akaleta dume mkubwa kama ndama, akamwita Tunajua. Basi jioni zote zikawa hizo, huyu anaita Mtasema, yule anaita Tunajua, na wenyewe hawasalimiani hata wakikutana kisimani.

Mbwa wenyewe, Mama, hawakujua kama wana ugomvi. Mtasema akashika mimba, na mtaa mzima ulijua ya nani.

Mwezi uliopita, mchana wa jua kali, Mzee Ng'wandu akaja na Mtasema juu ya baiskeli, kamfunga kwa shuka. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, mtoto wa kwanza amekwama, na damu inatoka. Daktari alimfunua mdomo, fizi nyeupe kama tui. Akasema, "Lazima nimpasue. Lakini damu imemwishia, nikimkata hivi atafia mezani. Nitafutieni mbwa mkubwa, mwenye afya, tumtoe damu kidogo tumwekee huyu. Upesi."

Nikamtazama Mzee Ng'wandu. Naye akatazama ukuta. Mbwa mkubwa mwenye afya, Songwa nzima, tulikuwa tunamfahamu.

"Kwa yule siendi," akasema. "Afadhali afe." Lakini mkono wake haukuondoka kichwani pa mbwa, ukawa unampapasa tu.

Nikashindwa kujizuia. "Mzee wangu, huyu hajamsema mtu. Uliyesema ni wewe."

Daktari akanikata jicho. Mzee akavaa kofia yake, ile ile iliyosemwa kilabuni, akatoka. Daktari akaniashiria nimfuate nikamkague huyo dume. Nilikwenda nyuma yake kwa mbali kidogo, maana mzee alikuwa analia na anaona haya kulia mbele yangu.

Lushinge tulimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Mwadila," akasema Ng'wandu. Ndiyo salamu yao ya mchana.

Panga likaendelea kuchonga.

"Mtasema anakufa."

"Nani?"

"Mtasema."

"Sema tena, masikio yangu yamezeeka."

Ng'wandu akavua kofia. "Mbwa wangu anakufa, Lushinge. Na watoto tumboni ni wa mbwa wako. Daktari anataka damu yake kidogo. Nimekuja kuomba."

Panga likatulia. Mzee Lushinge akamtazama mwenzake weee, mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Kumbe sisi ni wakwe! Na mimi mwenye dume sijatoa hata ng'ombe mmoja." Akapiga mluzi, Tunajua akaja anatikisa mkia. "Haya twende. Mahari nitatoa kwa damu."

Njiani walitembea sambamba.

Tulimlaza Tunajua, Lushinge akamshika kichwa anamwimbia kwa Kisukuma, Daktari akamtoa damu shingoni ndani ya chupa yenye dawa ya kuzuia isigande. Ng'wandu ndiye aliyeishika ile chupa juu, damu inashuka kwa Mtasema tone kwa tone. Daktari akapasua. Yule aliyekwama alikuwa amekwisha kufa, masikini. Wanne wakatoka hai, lakini kimya kabisa, ikawa kazi yangu kuwasugua kwa taulo na kuwafuta pua. Wa kwanza alipolia, Mama, nililia pamoja naye, sikujali nani ananiona. Mpaka jua linashuka, fizi za Mtasema zilikuwa zimeanza kurudi rangi, na wazee wale wawili wamekaa kizingitini, wanavuta ugoro kutoka kikopo kimoja.

Juzi wamekuja pamoja kuwapa wale watoto dawa ya minyoo. Lushinge kachukua mtoto mmoja dume, kambeba kifuani ndani ya koti. Nikauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Wakatazamana.

"Bado," akasema Ng'wandu. "Hatujagombana na mtu."

Sasa nije kwenye kanga yako. Niliipata Tinde, kwa muuza nguo mmoja mtu wa pwani kama sisi. Maneno yake makali kweli, hata yeye alicheka alipoyasoma. Nikaishika, nikaikunjua, nikairudisha. Nimekununulia vitenge, doti moja, maua matupu, havina neno hata moja. Atakuletea mwenzangu wa kazini anayekuja likizo Tanga.

Nisalimie Bibi, mwambie ile dawa yake ya kikohozi namtafutia. Nisalimie kaka Hamisi na mkewe, na mwambie mdogo wangu Zubeda asome, asiniulize habari za wachumba. Baba anikumbuke katika dua.

Shangazi sijamwandikia salamu humu. Salamu zake zimo kwenye kifurushi. Ile doti, Mama, sijaikata. Ikate wewe, kipande kimoja chako, kingine cha wifi yako, umpelekee kwa mkono wako. Aliyesemwa ni mimi, nami sina neno naye.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi