Ngozi ya Mbuzi wa Jangwani

Mama mpenzi,

Jambo sana, Mama, na jambo kwa nyumba nzima hapo mtaani Mikelenge. Magoti yako yanaendeleaje? Bado yanakusumbua asubuhi, au umekubali hatimaye kupaka ile dawa niliyokuachia badala ya kuwagawia majirani? Mimi ni mzima. Midomo imepasuka kwa upepo, pua imekauka, suruali inanivuka, lakini ni mzima, tena nina furaha ya kunifanya nicheke peke yangu kama kichaa wa sokoni. Mwamini, dada yangu, wewe unayemsomea Mama: soma polepole, usiruke mahali ninapojisifu, wala usiongeze maneno yako. Nakujua.

Tangu barua iliyopita kundi letu la ngoma limetoka mji mkuu wa hii Mongolia, tukapita nchi ya majani, na sasa tuko jangwani. Mama, usifikiri majani yao ni kama ya kwetu, yale yanayommeza mtu na baiskeli yake. Haya ni mafupi kama kichwa kilichonyolewa juzi, na mti hakuna. Unasafiri asubuhi mpaka jioni hujaona kitu cha kuegemea. Siku ya kwanza nilibanwa na haja, nikaenda kutafuta kichaka. Nikatembea, nikatembea, na kila nikigeuka naliona gari letu, na wenzangu wote wananipungia mkono. Omari, yule rafiki yangu mpiga filimbi, akapaza sauti: "Endelea tu, Amisi! Utatokea kule kwetu Punia!"

Chai yao wanatia chumvi na maziwa. Nimeizoea. Nyama iko kila siku. Lakini sombe, Mama, yale majani yetu ya muhogo! Hapa ukimwambia mtu kwamba kwenu mnapika majani mkala, anakuangalia kwa huruma, maana kwake majani ni chakula cha mbuzi.

Sasa kaa vizuri. Mwamini, mpe Mama maji.

Ngoma ilipasuka.

Ngoja, Mama, usianze. Imeshapona, ndiyo maana mwandiko wangu umenyooka hivi. Lakini nisipokueleza mimi, Omari atakueleza, na kwake nitakuwa mjinga zaidi ya nilivyokuwa.

Unakumbuka siku ninaondoka uliishika ile ngoma mbele ya watu wote, ukasema: "Wakati wa vita watu walikimbia na sufuria, walikimbia na magodoro. Miye nilikimbia na hii. Irudi na sauti yake." Mwamini hakumbuki vita, alikuwa mgongoni mwako bado hajaota meno. Mimi nakumbuka. Uliigeuza ngoma kichwa chini, ukamimina mchele tumboni mwake, ukajitwika, tukaingia njia ya Kibombo na mvua inanyesha. Marehemu baba alikuwa nyuma anakubembeleza uitupe. Wewe ukazidi kutembea. Tulikula ule mchele porini, na tuliporudi Kindu baba mwenyewe akaivika ngoma ngozi mpya ya mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Hakuvika nyingine baada ya hiyo. Kwa hiyo unaelewa, Mama, nilikuwa nimebeba nini.

Tulifika kambi ya wachungaji mlangoni mwa jangwa, kesho yake ndiyo sherehe kubwa tuliyoalikwa kupiga. Wenyeji walikuwa wamewasha moto wa kinyesi cha ngamia, moto mzuri, hauna moshi mwingi. Mimi nikafanya kile ambacho kila mpiga ngoma wa Kindu anakifanya bila kuuliza kichwa chake: nikaikalisha ngoma karibu na moto. Kwetu hewa ya mto inalegeza ngozi, usipoipasha inalia kama mlango mbovu. Mikono yangu haijui maisha mengine. Kumbe ngozi ya baba ilikuwa inakauka tangu tuingie nchi hii, imejikaza mpaka mwisho, na mimi ndiye wa kuisogeza motoni. Nikaenda zangu kunywa chai. Nikasikia paa!

"Tairi," nikasema, nikaendelea kunywa.

Omari akaingia hemani, uso umemshuka. "Tairi iko muzima, Amisi. Njo ngoma ya Mama imepasuka."

Sikulia. Mwamini, soma nilivyoandika: sikulia sana.

Fikiria mwenyewe, Mama. Ile ndiyo ngoma inayoongoza. Ikinyamaza, zile ndogo hazijui ziende wapi. Watu wametoka mbali na farasi wao kuja kutusikiliza. Hayo bado ni ya kesho. Mimi nilikuwa nakuona wewe umesimama uwanja wa ndege, unanyoosha mikono kupokea ngoma, na mimi nakupa pipa.

Omari akajaribu kunisaidia. "Tuseme tuko wagonjwa."

"Wote pamoja?"

"Tumbo. Wataitika. Waliona vile unakulaka."

Mwenye hema ni bibi mmoja anaitwa Dulma. Mgongo wake ni wako, Mama, na ulimi wake ni wako pia. Alinitazama nimekumbatia ngoma iliyopasuka, akamwita Tuya, binti anayetutafsiria kwa Kifaransa, aniulize ngoma hiyo ni ya nani. Nikamweleza yote: vita, mvua, mchele, mtoto mgongoni. Tuya akatafsiri taratibu. Bibi akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akasema maneno, na hema nzima ikacheka. Nikamwomba Tuya anitafsirie.

"Anasema, mama yako aliipitisha kwenye vita, na wewe umeiua kwa chai."

Lakini alikuwa ameshasimama. Akatoka, akarudi na ngozi ya mbuzi, kavu kama bati, akaitupa miguuni pangu. "Huyu alikuwa mbishi," akasema. "Atakufaa."

Hapo, Mama, mtoto wako akakumbuka kwamba ana mikono. Ngozi ilitaka maji ya kulowekwa, na maji kule yanaletwa kwa ngamia kutoka kisima cha mbali. Sikuthubutu kuomba. Bibi akachukua pipa lao la maji ya kunywa akamimina kwenye beseni, na alipoona nasitasita akanipiga mkono nisonge. Ngozi ikaloa, usiku kucha tukaikwangua manyoya kwa kisu, mimi upande huu, yeye upande ule. Vigingi vya baba nilivichomoa polepole, kimoja kikavunjika, na nchi ile utapata wapi mti wa kuchonga kingine? Omari akakichonga kutoka mfupa wa kondoo tuliyekuwa tumemla. Anasema hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Mwachie.

Kwetu ngozi mbichi ingetaka siku nyingi juu ya moshi. Pale, tulipomaliza tu kuivika juu ya ngoma, upepo wa asubuhi ulianza kuikausha mbele ya macho yetu, tena kwa pupa, pembeni kabla ya katikati. Ingepasuka tena. Basi bibi akajaza maji mdomoni, akaipulizia ngozi, fuuu, kama fundi anayenyoosha nguo kwa pasi. Nikamwiga. Tukakaa mimi na yeye, ngoma katikati, tunaitemea mate kwa zamu mpaka jua lilipopanda, na kila mpita njia anasimama kutazama. Kama kuna mtu alinipiga picha, naomba isifike Kindu.

Ikakauka sawasawa. Lakini sikuipiga. Niliogopa. Nikaibeba mpaka uwanjani ikiwa bubu.

Watu walikuwa wengi, wengine juu ya farasi, wengine wamekaa mchangani na watoto wao. Unajua mpiga ngoma wa kwetu haanzi mpaka ameita kwa mapigo jina la mwenye ngoma. Siku zote naita la baba. Safari hii mkono uliponyanyuka ukaita lako, lile ambalo baba alikupa kwa ngoma tuliporudi kutoka porini: *Asiyetua-mzigo-njiani*. Mama, ile ngozi ikajibu! Sauti imepanda, kali, safi, kama wewe ukiniita toka uwani na wali umeiva. Nikarudia. Ngoma ndogo zikaingia, filimbi ya Omari ikaingia, na mimi nilichokuwa nacho mwilini cha ujana kikatoka chote. Leo mgongo unanidai, lakini jana haukusema kitu.

Nilipopumzisha mikono, watu hawakupumzika. Mmoja akaanza kupiga makofi mapigo ya jina lako, wakafuata kumi, wakafuata wote, na wapanda farasi wakayapiga kwenye viatu vyao. Hawajui maana yake. Nikamwona Bibi Dulma amesimama mbele, anapiga pia, huku anawaeleza majirani kitu kirefu na kunionyesha kidole. Tuya alikataa kabisa kunitafsiria.

Ngozi ya baba nimeikunja, iko ndani ya shati langu la sikukuu. Hiyo utaamua wewe ikae wapi. Ngoma inarudi na sauti, Mama, ila siyo ile uliyonikabidhi, na ukitaka kunigombeza nitakaa chini nisikilize mpaka umalize.

Nisalimie mama ya watoto wangu, umwambie nimekonda ila siyo sana, asifurahi mapema. Salamu kwa shangazi anayelima mpunga Kibombo, kwa shemeji anayeendesha kamyo, lile lori lake, na kwa yule mjomba aliyesema nitaliwa na baridi: mwambie baridi ilinionja ikanitema. Mwamini, asante kwa kusoma. Sasa rudia kipande cha makofi, Mama atakuwa anataka.

Mimi mwanao, ambaye jana aliwasikia watu wa jangwani wakiita jina lako kwa mikono yao,

Amisi