Baraka Iliyosikika Vibaya

Kolwezi, 2 Februari 2025

Kwa Kaku, babu yangu na bwana yangu,

Jambo sana. Habari za Lubudi, habari za mihogo, na lile goti linalogombana na mvua? Sisi huku wazima. Mama Angèle anakusalimu, na shangazi Tatiana pia.

Sasa Kaku, keti. Najua unapenda kusoma barua zangu umesimama mlangoni ili majirani waone kwamba una mke kijana anayejua kuandika. Leo keti.

Jumapili iliyopita nilipokupigia simu nilisema: "Kaku, unipe baraka, mi naenda ku jeshi." Nawe ukajibu kwa sauti ya kuvunja sahani: "Ku jiko? Enda, muke wangu, enda! Na munyu usitie mingi!" Uwanja mzima ulisikia. Shangazi Tatiana akapiga vigelegele. Nilitaka kukusahihisha, Mama akanifinya mkono: "Nyamaza. Baraka ilishatoka mu kinywa, haina njia ya kurudia."

Lakini mimi sitaki baraka ya kuiba. Masikio yako yaliharibiwa na mizinga, si haki niyafanyie biashara. Basi naandika kwa herufi kubwa: JESHI. Vita vya mashariki. Wanaandikisha vijana wanaojitolea, na wanahitaji mafundi wa magari makubwa. Tangu nimalize shule nafungua injini za malori ya mgodi, mikono yangu unaijua. Kundi letu linaondoka mwisho wa Machi. Bila neno lako siendi.

Mke wako mdogo,
Jémima

Lubudi, 11 Februari 2025

Kwa mke wangu Jémima,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Muteba dereva amenifikishia barua yako, haikulowa wala kukunjika. Niliisoma nimesimama mlangoni, kwa ukaidi. Kisha nikaketi mwenyewe. Goti halijambo, moyo ndio wenye jambo.

Kwanza kabisa, baraka ile naitaka irudi. Nilibariki sufuria, sikubariki bunduki.

Wewe unajua tu kwamba nilikuwa askari. Sikukueleza nilivyoanza. Nilikuwa golikipa, tunacheza kule Mutoshi, kipindi cha pili, tumeshafungwa manne. Lori la askari likaja likasimama nyuma ya goli langu. Nikadhani wamekuja kushangilia, nikawapungia mkono! Tukapandishwa timu zote mbili pamoja na refa. Nilifika vitani na jezi ya kijani na glovu. Kamanda wetu hakuniita Kalonji hata siku moja, aliniita Golikipa, na kila kitu kilichorushwa alitaka nikidake.

Cheka, hata mimi nacheka. Lakini wengi wa vijana wale hawakurudi. Refa hakurudi. Alikuwa mtu mwema, ingawa penalti ile ya tatu haikuwa penalti.

Ndiyo maana niliapa kwamba katika nyumba yangu hakuna atakayevaa zile nguo. Mume nimekataa. Ukienda wewe, mimi nipikiwe ugali wa bukari na nani?

Bwana yako mwenye hasira,
Kaku Kalonji

Kolwezi, 17 Februari 2025

Kwa bwana yangu mwenye hasira,

Jambo, Kaku. Natumaini hasira imelala vizuri na imekula. Sisi wazima, ila Mama ana mafua.

Nilimcheka refa mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Pole sana, Kaku. Hukuwahi kutuambia.

Lakini nisikilize. Wewe lori lilikujia kwa nyuma. Mimi nimelifuata kwa miguu yangu, nikauliza linakwenda wapi. Mwezi uliopita parokiani kwetu ilifika familia iliyokimbia kutoka Goma. Yule mama alinionyesha picha ya mtaa wake kwenye simu, akawa anataja majina ya majirani, mmoja mmoja. Nikarudi kazini, nikashika spana, nikajiona napoteza nguvu mahali pasipo pangu.

Sijifanyi shujaa. Naogopa. Na sitakudanganya kwamba nitakaa kwenye injini tu, jeshi ni jeshi. Lakini ukisema hapana mara ya pili, nitafuta jina langu nibaki Kolwezi. Nitanuna wiki moja, kama mke yeyote, kisha nitakupigia simu.

Mke wako anayengoja,
Jémima

Kolwezi, 12 Machi 2025

Kwa Kaku wangu mpendwa,

U mzima kweli? Muteba amepita mara mbili. Mara ya kwanza ameleta gunia la mahindi, mara ya pili jogoo. Barua hakuna. Jogoo nimemhoji, hasemi kitu.

Afisa wa uandikishaji anataka jibu. Nimemwambia mume wangu bado anafikiri. Akanitazama kidoleni, hakuona pete, akauliza huyo mume ana umri gani. Nikasema anaelekea sabini. Amenipa wiki mbili na akaniombea.

Niandikie hata neno moja. Kama ni hapana, iwe hapana. Kimya chako ndicho kinachoniumiza.

Wako,
Jémima

Lubudi, 19 Machi 2025

Kwa Jémima, mke wangu,

Jambo, mama, na unisamehe. Siumwi. Nilikuwa mkutanoni.

Niliwaita askari wazee wa hapa nyumbani kwa Josias, mmoja wao, tukapima jambo lako kwa munkoyo, pombe yetu ya mahindi. Josias akaanza: serikali itunge sheria, kila kijana aende jeshini, hakuna kuchagua. "Na batoto ya bakubwa nabo bapande camion ya jeshi! Tena bapande ba kwanza!" Tukakubali wote, tukanywa. Akasimama Kankolongo: mtu asichukuliwe kamwe, anayetaka vita aende kwa miguu yake, na wakubwa wanaovipenda watangulie. Tukakubali wote, tukanywa. Munkoyo ulikuwa mtamu siku hiyo, hakuna hoja iliyoshindwa.

Ndipo akaingia Mama Simone kuchukua mtungi wake. Huyu alikuwa muuguzi wa jeshi, alijipeleka mwenyewe akiwa msichana, na katika vita vile vile alinifunga bega langu lililojeruhiwa. Alisikiliza kidogo akaweka mikono kiunoni. "Tata Kalonji, weye balikufunga kamba. Ule mutoto anajifunga mukaba yake mwenyewe. Juu ya nini unamupimia na kamba yako?"

Nikamalizia kikombe changu, nikatafuta kofia yangu. Josias naye akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungia.

Nikarudi nyumbani, bado mkaidi. Nilikuandikia "hapana" mara kadhaa na kila mara mkono ulikataa kutia sahihi, nikatuma mahindi. Nikatuma jogoo. Halafu nikamkumbuka bibi yako Mbelu, Mungu amweke pema. Niliporudi kutoka vitani nilikuwa najisifia mateso yangu mbele yake kila siku: njaa, mvua, risasi. Siku moja akaacha kutwanga, akaniambia: "Weye, kila asubui ulijua kama uko muzima. Mi sikujua."

Miaka yote hiyo nilidhani ni maneno ya mwanamke aliyechoka. Mwezi huu, nikiwa na barua yako mfukoni, nimeyaelewa. Sikuwa nakukataza kwa sababu ya lile lori, Jémima. Nilikuwa naogopa kuwa mtu wa kubaki. Kwenda nilishakwenda, kubaki sijawahi.

Basi nenda. Mara hii nimesikia vizuri, na nasema kwa akili zangu zote. Hakuna aliyekusukuma wala kukuvuta, na mimi sitakuwa wa kwanza. Tengeneza magari yao yatembee. Wahurumie walio chini yako, hasa aliyeletwa bila kupenda, utamtambua kwa macho. Na ukiona vita vimekwisha usivitafutie vingine, rudi nyumbani.

Zamani hapa kijijini walimwita Mbelu muke ya soda, yaani mke wa askari, kwa sababu mimi nilikuwa vitani na yeye ndiye aliyekaa na kungoja. Jina hilo sasa nalirithi mimi. Josias amecheka mpaka akakohoa, lakini Mama Simone amesema linanifaa, na ameahidi kunifundisha kupika sombe, majani ya mihogo, isiyoungua.

Katika hiki kikaratasi nimekufungia pemba kutoka mtoni. Mama yako akupake udongo huo mweupe kifuani na kwenye paji la uso, asubuhi utakapoondoka, mbele ya watu wote. Vigelegele avipige Tatiana, anavijua. Na hapo chini karatasi ilipolowa, ni mate ya baraka. Nimetema mara mbili, kama inavyotakiwa. Josias anasema ni machozi, lakini Josias haoni vizuri.

Muke ya soda,
Kaku Tharcisse Kalonji