Kifaa cha Babu cha Kujazia Risasi

Demetria, nimekwisha. Posa yangu, washenga wamekaa, babu yangu Theonest kaanza hadithi za enzi za Ujamaa, alipokuwa mlinzi wa duka la ushirika Temeke.

Bastola yake ilikuwa ya risasi tano. Kifaa cha kujazia risasi zote kwa mpigo, alichopewa na ushirika, kilikuwa cha risasi sita. Alipolalamika, mkubwa wake akamjibu, "Ndugu, mgawo ni sawa kwa wote."

Sawa kwa wote, Demetria.

Mwizi akaja. Risasi zikagoma kuingia. Babu akamrushia kifaa chenyewe, kikampasua juu ya jicho, mwizi akatoka mbio na gunia la sukari.

Watu hoi kwa kicheko. Mie nilicheka kuliko wote.

Babu yake mchumba wangu, aliyekuja na washenga, hakucheka. Kavua kofia, kapapasa kovu juu ya jicho, kasema taratibu, "Halikuwa gunia zima."