Nusu ya Pili ya Kitabu cha Sita

Kendi,

Nimekukasirikia. Najua barua kama hii huanza kwa kusema nimekukumbuka, na nimekukumbuka, lakini nikianzia hapo nitakuwa nakudanganya. Umeniacha katikati ya kitabu.

Umeniacha Velmira amefungiwa mnarani, Todrik yuko ng'ambo ya mto na jeshi lisilompenda, na ukurasa wa mwisho niliokuwa nao ulikatika hivi: "akanyoosha mkono wake na". Na nini, Kendi? Miezi minne nilishona sare za shule hapa mtaani Majimbo nikijiuliza, na nini.

Haya yote ni makosa ya kisu chako. Wewe ndiye uliyekuja na ujanja wa kupasua vitabu, kwa sababu nakala ilikuwa moja, wewe uko Nkubu, mimi Embu, na hakuna aliyetaka kungoja. Ulikuwa unapasua mgongo wa kitabu kwa kile kisu cha kufungulia magunia ya chakula cha kuku pale dukani kwako. Unasoma nusu ya kwanza nyuma ya kaunta, unanitumia kwa gari, halafu unaendelea na ya pili. Kurasa zilinifikia zikinuka pumba. Wateja wangu walidhani nafuga kuku.

Kwa hiyo siku zote ulikuwa mbele yangu, na sheria yetu ilikuwa moja, hakuna kusimulia. Ukifika mahali patamu unanitumia neno moja tu kwenye simu: "Uuui!" Nikikupigia nikikubembeleza uniambie hata kidogo, unacheka. "Soma wewe, Wanja, wacha maswali. Mimi siwezi kuspoil."

Na vitabu vitano vizima hao wawili hawajashikana hata mkono! Wamelala pande mbili za moto mmoja, wameokoana kwenye mafuriko, wamepigana kwa panga na kwa maneno. Kitabu cha nne Todrik akampa glavu yake moja, ya mkono wa kushoto, kwa sababu ya baridi, na sisi watu wazima wenye kazi zetu tukaiongelea glavu hiyo wiki nzima. Mume wangu akauliza huyo Todrik ni nani na anataka nini. Mimi nikasema mwandishi anatuchezea, na huyo Velmira naye anaringa. Ukanuna. Ukasema Velmira ana mji mzima wa kulinda, hawezi kumpa mtu mkono kabla ya kumaliza kazi yake. "Wanaume wa haraka tumewaona," ukasema. "Mimi napenda huyu wa pole pole."

Kisha tumbo likakushika Jumatatu, Jumanne ukafanyiwa upasuaji. Jumatano saa saba mchana nikapata ujumbe wako: "Uuui!" Nilifurahi, Kendi. Nikajua umefika mahali patamu, nikajua unapona. Sikukupigia, kwa sababu ya ile sheria yetu ya kijinga. Alhamisi asubuhi nikapigiwa simu mimi.

Nilikuja kukuaga nikakukuta umevaa gauni la kijani nililokushonea, na chini ya mikono yako, nusu ya pili. Mama yako aliiweka mwenyewe. Alisema hataki ukose cha kusoma. Watu wakalia kwa sauti, nami nikalia, lakini Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa kwenye zile karatasi. Ningefanya nini? Ningeingiza mkono kwenye jeneza mbele ya mchungaji? Nikasimama kwenye migomba ya baba yako nikiangalia mwisho wa kitabu ukifukiwa.

Ningeweza kuagiza nakala nyingine Meru mjini. Sikuagiza. Nilijiambia ni hasira, lakini niliogopa tu. Nikimaliza hicho kitabu, hakuna kitu chetu kitakachobaki bila kumalizika.

Kumbe mama yako naye alikuwa na lake. Mwezi jana alinipigia, akazunguka kwanza, akaulizia mvua, akaulizia watoto, kisha akasema, "Wanja, zile makaratasi zilikuwa zinasema nini?" Ile Jumatano saa saba alikuletea uji akakukuta umezishika, unalia. Ulimwambia si kitu. Akaamini, akakaa hapo akikoroga uji upoe. Sasa anajiuliza kama ulikuwa unaumwa na yeye hakumwita nesi. "Nataka kujua tu alikuwa analilia nini," akasema. "Wewe ndio unajua kusoma hiyo kitu."

Basi nikaagiza. Kikaja kizima, kinene, kinang'aa, nami nikashindwa kukisoma kikiwa hivyo. Nikachukua wembe nikakipasua. Mume wangu akaangalia, akatoka nje.

Nikakisoma hapa kwenye cherehani, natafuta mahali pa kulia. Unajua ilikuwa na nini? "Akanyoosha mkono wake na kuufunga mlango." Mlango! Miezi minne! Nikaendelea. Velmira akajitoa mnarani mwenyewe bila kumngoja mtu, nikampigia makofi, lakini hapo hakuna cha kulia. Vita, hakuna. Mfalme akafa, na afe tu. Kurasa zikawa zinaisha nami nawaza nitamwambia nini mama yako.

Halafu Todrik akavuka mto. Vita vimeisha, amechoka, akaketi ukutani karibu naye, akatoa kitu ndani ya koti. Glavu ya mkono wa kulia. Ameibeba tangu kitabu cha nne. Velmira akaivua yake, akampa mkono mtupu.

Nililaza kichwa kwenye cherehani nikalia mpaka mteja akarudi alikotoka. Na hapo ndipo nilikukasirikia kuliko siku zote, kwa sababu sikujua kama nalilia glavu au nakulilia wewe. Kama machozi yangu mwenyewe siyajui, yako nitayajuaje?

Jumamosi nikaenda Nkubu. Mama yako alikuwa ameniwekea kiti mlangoni. Nikamwambia, "Ni kitabu, Mama. Alikuwa analilia glavu."

Akaniangalia sana. "Glavu?"

Huwezi kumweleza mtu ile glavu bila kuanzia kitabu cha kwanza. Kwa hiyo sasa kila Jumamosi naenda kumsomea, nikimtafsiria kwa Kimeru changu kilichojaa Kiembu. Tumefika kitabu cha pili. Hana subira hata kidogo. "Huyo kijana anangoja nini? Hana watu wa kutuma kuposa?" Juzi ameniuliza wazi wazi kama wataoana. Nikamwambia mimi siwezi kuspoil, na kwa mara ya kwanza tangu uende nikamwona akicheka.

Sijui kama nilimdanganya kuhusu ile glavu, Kendi. Wewe ndiye unayejua, na kama kawaida yako hutasema. Lakini nakuahidi nitamsomea vyote sita bila kuruka ukurasa, na tukifika pale ukutani sitaangalia kitabu, nitaangalia uso wake. Akilia, nitakutumia neno moja kwenye ile namba yako.

Pumzika, rafiki yangu.

Wanja