Malori ya Kuba

Mama Wandera, mke wangu,

Nimekaa upande wako wa meza kwa sababu upande wangu umejaa vitabu vya watoto wako wa Gredi ya Saba. Najua barua hii haina pa kwenda. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu na sijaona ramani inayoonyesha mahali ulipo. Lakini wewe ndiwe uliyenizoesha kusimulia mambo ya siku nikishavua viatu, na mazoea hayo bado ninayo. Wengine wakiisoma, waisome tu. Haina siri.

Unakumbuka mradi wenu ulivyoanza? Ulifika nyumbani ukicheka kuanzia langoni. Mtoto mmoja alikuwa amekuuliza, "Teacher, mbona maplayer wa Argentina na wa Spain na wa Meksiko wanaongea lugha moja na hawatoki nchi moja?" Badala ya kumjibu, ukamwuliza nyanya yake anaishi wapi.

"Uganda. Hapo ng'ambo tu."

"Na mnaongea naye lugha gani?"

"Kisamia."

"Kwa hivyo wewe ni Mganda?"

Darasa zima lilimcheka, ukaniambia, naye akacheka pamoja nao. Kisha ukaandika ubaoni majina ya nchi zote zinazotumia Kihispania. Zilikuwa ishirini. Wanafunzi walikuwa thelathini na tisa. Uliandika kila jina kwenye kikaratasi, ukavikunja vyote, ukavitia ndani ya kopo la majani chai, nao wakaja wawili wawili kuchagua. Wale wavulana wawili waliopata Guinea ya Ikweta walikaribia kulia. "Teacher, sisi tumepewa Afrika! Wenzetu wameenda Peru, sisi hata pasi hatuhitaji!" Ukawaambia, "Basi ninyi ndio mtafika wa kwanza."

Jioni hiyo nilikueleza kirefu jinsi Wahispania walivyofika Guinea ya Ikweta na kwa nini lugha yao ilibaki huko. Chai ilipoa. Hukunikatiza, ingawa nadhani ulikuwa umeshasoma yote. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi nikieleza, nawe ukiniacha nimalize.

Mtoto wa thelathini na tisa alibaki peke yake na kikaratasi cha mwisho. Alikuwa Amoit, yule msichana aliyehamia hapa Busia muhula huo kutoka mpaka wa Malaba, anayekaa kwa shangazi yake mtaani Burumba. Alikifungua akakuta Kuba. Uliniambia hakulalamika. Aliuliza tu kama Kuba ni mbali kuliko Malaba.

Uliwapa maswali manne. Watu wa nchi hiyo wanakula nini? Wanauza nini sokoni? Mto wao mkubwa ni upi? Na la nne, mpaka wao unavukwa wapi, na watu wanavusha nini? Watoto walitafuta majibu kwa simu yako, kwa atlasi yangu ya zamani iliyotoka jalada, na pale kwenye saiba, duka la kompyuta la Burumba, ambako mwenyewe aliwaruhusu kuingia watatu watatu mradi wasile mandazi juu ya kibodi. Wiki tatu nyumba hii ilisikia zaidi habari za viazi vya Bolivia na ng'ombe wa Uruguay kuliko habari za watoto wetu wenyewe.

Halafu ikaja ile Jumamosi jioni.

Ulikuwa unasahihisha hapa mezani. Ulinisukumia ramani ya Amoit. Alikuwa amechora Kuba vizuri, ndefu na nyembamba, kama mamba aliyejinyoosha. Lakini upande mmoja alikuwa ameweka geti. Nyuma ya geti kulikuwa na malori, nilihesabu kumi na moja, yamepangana hadi katikati ya nchi. Kulikuwa na askari mwenye kofia, watu wa kubadilisha pesa, bodaboda mbili, na mwanamke aliyebeba beseni kichwani. Chini ameandika: Hapa ndipo watu wa Kuba wanavukia.

Nilicheka. Kisha nikakuambia umwandikie kosa lake kwa kalamu nyekundu, na haraka, kabla halijakauka kichwani mwake. Ukasema, "Ngoja kwanza. Nataka kujua hayo malori yamebeba nini." Nikasema malori hayajabeba kitu kwa sababu hayapo. Ukasema utaongea naye. Nami, sijui kwa nini sikuweza kuliacha jambo hilo lipite, nikakuambia, "Kisiwa hakina mpaka, Mama Wandera. Hata mtoto wa nasari anajua."

Ulinitazama kidogo juu ya miwani. "Haya, Mwalimu," ukasema. Ukachukua penseli, ukaandika kitu pembeni mwa ramani, ukafunga vitabu, ukaenda kulala.

Asubuhi uliketi kwenye kiti cha barazani ufunge viatu vya kanisani. Kiatu kimoja kilifungwa.

Tangu hapo nimefanya yote yaliyotakiwa. Tulikupeleka nyumbani Marachi. Nilisalimia watu wote kwa mkono. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikaa nikanyolewa pamoja na wengine. Dada zako waliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, na huenda ilikuwa kweli. Wandera alilia hadi akashikwa na wenzake, nami nilisimama karibu nikitazama udongo, nikawaza kwamba ni udongo mwekundu wenye changarawe, ambao maji hupita upesi. Hayo ndiyo yaliyonijia.

Watu wanafikiri ninajikaza. Sijikazi. Wewe ungeniruhusu nieleze, kwa hiyo naeleza. Mtu akikalia mguu muda mrefu, mguu haumwumi. Anaugusa na kujua ni wake kwa sababu tu anauona. Mimi niko hivyo. Nakunywa chai na kujua ni ya moto kwa sababu ya mvuke wake. Nimengoja mguu uanze kuchoma, kwa maana hiyo ndiyo dalili kwamba damu inarudi. Bado.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja na katoni ya vitabu, vile vile vilivyochukuliwa hapa wiki ya msiba, vikarudishwa kwa watoto na kukusanywa tena. Mwalimu mwingine hajapatikana, akasema, na Jumatano ni siku ya wazazi, watoto wataonyesha kazi zao. Je, ningeweza kumalizia kusahihisha? "Isipokuwa kazi moja," akaongeza. "Kuna msichana amekataa kukabidhi ramani yake. Anasema Mwalimu alimwambia wataongea. Tumemwambia airekebishe tu, hataki. Mzee, mimi nimeshindwa."

Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Nilisoma kitabu baada ya kitabu. Ulikuwa umefika karibu nusu. Guinea ya Ikweta walikuwa wameandika kwamba huko watu wanakula mihogo, na kwamba wakifika hawatahitaji kujifunza kula upya. Ulichora alama ya vema na kuandika, "Safari njema." Halafu nikafungua kazi ya wasichana wawili waliopata Jamhuri ya Dominika.

Unajua nilichokuta, kwa sababu ulikisahihisha siku ile ile ya Jumamosi. Tarehe yako iko chini. Wameandika kwamba nchi yao iko kwenye kisiwa, jirani na Kuba, na kwamba kisiwa hicho kimoja kina nchi mbili, yao na Haiti. Wakachora mstari katikati. Wakaandika kwamba kwenye mstari huo kuna soko, na siku za soko watu wa Haiti wanavuka kwa miguu kuja kununua na kuuza, wengine wamebeba mizigo kichwani. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, umeandika: "Kama sisi!"

Nilirudisha macho kwenye mstari ule mara nyingi. Jambo hili nilikuwa nikilijua. Nimelifundisha. Kisiwa kinaweza kuwa na mpaka, na kitabu kilichothibitisha hivyo kilikuwa chini ya kiwiko chako wakati nikikukosoa. Ungeweza kukitoa na kunifungulia ukurasa. Ukasema, "Haya, Mwalimu."

Chini ya katoni nilikuta karatasi yako ya maswali. Swali la nne umelizungushia duara kwa penseli, ile uliyotumia mwisho. Umewauliza watoto mpaka wa nchi yao unavukwa wapi, na mtoto mwenye kisiwa kizima hakuwa na jibu, akakupa jibu la kwao. Sisi tuliozoea kuona mwisho wa nchi kila tunapokwenda kununua sukari tunafikiri nchi isiyo na geti ni kama nyumba isiyo na mlango. Wewe uliuliza swali hilo ukiwa mwenyeji wa Busia. Yeye akajibu akiwa mwenyeji wa Malaba. Nadhani ndilo ulilotaka kumwambia. Sina hakika, na sitaipata.

Leo asubuhi nilikwenda shuleni.

Amoit alikuwa ameketi dawati la nyuma, ramani iko ndani ya daftari, mkono juu ya daftari. Nilijitambulisha. Akasema, "Nakujua, Mzee. Wewe ndiye wa atlasi." Nikamwomba ramani. Akaitoa polepole. Pembeni kulikuwa na mwandiko wako wa penseli: "Tutaongea Jumatatu."

"Jumatatu ilifika," akasema. "Tukaambiwa twende mstarini, tukaambiwa habari. Mwalimu alikuwa anataka kuniambia nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia pia kwamba najua kitu kimoja ulichotaka kumwuliza.

"Malori haya yamebeba nini?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama anachezewa. Kisha akaanza kunionyesha kwa kidole. Hili la kwanza ni sukari, linatoka, kwa sababu Kuba wana miwa mingi, alisoma kwa saiba. Hili ni simenti. Hili halina kitu, linarudi. Hili limekaa siku nne, dereva amefua shati na kulianika kwa kioo cha pembeni.

"Na huyu mama wa beseni?"

"Ni mamangu," akasema. "Anauza mayai boilo na kachumbari kwa madereva. Foleni ikiwa refu anauza sana. Hata Kuba lazima kuwe na foleni, si ndio? Sasa kama hakuna mpaka, atauza wapi?"

Nilimweleza, taratibu, nilivyozoea. Nikamwambia Kuba haipakani na nchi yoyote kwa ardhi. Imezungukwa na maji, na meli ndizo zinazoleta na kupeleka mizigo. Nikamwambia wenzake wa Jamhuri ya Dominika wana kisiwa chenye mpaka na soko juu yake, kwa hiyo hakuwaza upuuzi, na mimi mwenyewe nilikosea juu ya jambo hilo. Nikamwambia swali la nne halikuifaa nchi yake, na kwamba kosa la swali si kosa la anayejibu.

Akapitisha kidole kuizunguka Kuba yake. "Maji pande zote?"

"Pande zote."

"Basi mpaka uko kila mahali. Mama atazunguka."

Nikasikia mtu amecheka, na mtoto akanitazama, ndipo nikajua ni mimi.

Akachukua krayoni ya bluu akapaka bahari juu ya geti na juu ya askari. Malori aliyageuza meli, moja moja, hata lile lenye shati. Akamwacha mama yake pale pale ufukweni na beseni lake. Nilimwuliza kama mama atakuja Jumatano. Akasema, "Foleni ikiwa fupi, atakuja." Kisha akanikabidhi kazi yake. Nilipotafuta kifutio ili nisafishe pembeni, akaweka kidole juu ya mwandiko wako. "Hiyo wacha."

Nimeiacha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita barazani penye kiti chako, nikavua viatu. Nilikuwa na neno la kukuambia, nikafungua mdomo kabisa. Ndipo nikachukua karatasi. Miguu yangu bado siisikii vizuri, lakini kidole kimoja cha mwisho kimeanza kuchoma kidogo. Nakuarifu kama mtu anayeripoti hali ya hewa, bila ahadi ya mvua.

Mtoto wako amekabidhi kazi yake. Umeshaongea naye. Na kuhusu kisiwa, ulikuwa unajua.

Haya, Mwalimu.

Mumeo,
Baba Wandera