Jina Ndani ya Taa za Barabarani

Kashai, Bukoba

Kwa Mama Neema, mke wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani mwa nchi, ambako mvua haijui kupumzika. Mnaendeleaje hapo Usangi? Kifua cha mama kimetulia, au bado kinambana kila asubuhi? Na Neema, lile jino lililokuwa linacheza limeshang'oka? Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu kuna jambo limenipata ambalo sikutaka kukuandikia, na sasa naona nisipokuandikia litanikaa moyoni mpaka linishinde.

Unakumbuka nilikuambia kwamba kazi ya nguzo za umeme imekwisha na nilitakiwa nirudi. Badala yake msimamizi wetu aliniita akasema, "Ndugu Eliya, ngoja kidogo. Zile taa za zamani za mafuta zilizokuwa barabarani wakati wa mkoloni, zitafute, zitengeneze. Zitakwenda Muleba, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Kule umeme hautafika leo wala kesho." Alitaka taa sita. Nikakubali, kama nilivyokubali mara zote. Najua ulilia ulipopata ile barua ya kusema nabaki.

Basi nikaanza kuzisaka. Moja niliikuta imelazwa ndani ya banda la kuku. Nyingine ilikuwa uani kwa muuza duka mmoja hapa Kashai, nguzo yake imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Tatu zilikuwa zimetupwa nyuma ya bohari, majani yameota mpaka ndani ya vioo. Kazi ya kuzifufua ni ya subira, lakini naipenda. Unakwangua kutu kwa brashi ya waya, unapiga msasa, unalehemu tangi la mafuta lililotoboka, unakata vioo vipya, unaweka utambi na chemni, mwisho unapaka rangi nyeusi. Taa iliyokuwa takataka inasimama tena kama mtu aliyevaa suti.

Nilipokuwa naikwangua ya kwanza, saa nne asubuhi, jua linawaka, nilihisi koti langu linavutwa kwa nyuma, upande wa kushoto, chini kidogo ya mfuko. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikasema pengine limenasa kwenye msumari. Kwenye taa ya pili likavutwa tena. Safari hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya karakana, mbali na ukuta na mbali na meza. Ulivyo mvuto wenyewe, mke wangu, haukuwa wa nguvu. Ulikuwa kama Neema anavyonivuta anapotaka nimsikilize.

Kwenye kila taa, upande wa ndani wa kimlango cha kuwashia, kulikuwa na mikwaruzo. Sikuitazama sana. Nilidhani ni alama za viwandani, nikaifuta pamoja na kutu. Nilipofika ya nne, mwanga wa dirishani ulipiga pale nikaona ni herufi, zimechorwa kwa msumari. ANASTAZIA. Nikakimbilia ya tano nikafungua kimlango. ANASTAZIA. Nikazigeukia zile tatu nilizokwisha kuzisafisha. Chuma kilikuwa kinang'aa, hakuna kitu.

Niliuliza mjini nani alikuwa akiwasha taa hizi zamani. Nikaelekezwa Kagondo kwa mzee mmoja, Ta Kamugisha. Huku neno "Ta" huwekwa mbele ya jina la mzee kwa heshima. Nikaenda kwa miguu mchana, katikati ya migomba na mibuni. Nyumba yake ni safi, ina picha ya Bikira Maria ukutani, na chini ya ile picha ilisimama taa ya sita. Haikuwa na kutu hata kidogo. Mkewe, Ma Yustina, alinikaribisha kiti, akaniletea kahawa za kutafuna, akakaa mbali akimenya ndizi bila kuinua uso.

Nikamwambia mzee shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeshaziona zile nyingine ndani?"

"Nimeona jina, Ta."

"Ni binti yangu. Alikuwa na miaka sita. Kila jioni alinifuata nikienda kuwasha taa. Mimi nina ngazi begani na kopo la mafuta mkononi, kwa hiyo yeye alinishika koti. Hapa." Akajigusa upande wa kushoto, chini ya mfuko.

Mama Neema, sikuwa nimemweleza habari ya koti. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote.

Akaendelea. Jioni moja, kwenye taa hii aliyonayo nyumbani, aliposhuka ngazini mtoto hakuwepo. Alimwita mara mbili. Akajisemea ametangulia kwa mama yake. Mzungu aliyewasimamia alikuwa mkali, taa ikichelewa kuwaka mtu anafukuzwa. Akabeba ngazi akaenda kumalizia zilizobaki. Alipofika nyumbani mtoto hayupo, na giza limeshaingia. Walitafuta kandokando ya mto na kwenye matete ya ziwa siku nyingi. Hawakupata hata kitambaa. Tangu hapo akawa anachora jina lake ndani ya kila taa, ili kila anapowasha amwite.

Nilitamani kunyamaza. Lakini nilimwambia ukweli: "Ta, nisamehe. Majina matatu nimeyafuta. Sikujua."

Kisu cha Ma Yustina kilisimama. Ni yeye aliyejibu, bila kunitazama. "Mwana wange, kazi ni kazi. Hata yeye alikuwa kazini."

Mzee aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Nikaelewa kwamba sentensi ile imekaa ndani ya nyumba hiyo miaka yote, na kwamba siku hiyo ndiyo kwanza imetoka mdomoni.

Nilijua sitaipata taa ya sita. Lakini siku ya tatu wote wawili walikuja karakana, taa imefungwa kwa blanketi kwenye mkokoteni. Mzee akaomba msumari ayarudishe yale majina. Msumari ukamteleza mara mbili. Akanipa mimi. Nikachora moja baada ya moja, yeye akinitajia herufi, Ma Yustina amesimama mlangoni.

Tulikwenda nao Muleba kwenye lori. Kijiji chenyewe kiko kwenye mbuga ya nyasi tupu, hapa wanaiita rweya, nyumba mpya zimepangwa mstari. Jua lilipokuwa linazama mwenyekiti alimwomba Ta Kamugisha awashe. Akapanda ngazi taa kwa taa, polepole, na watu walimfuata wakipiga makofi. Alipofunga kimlango cha sita na kushuka, Ma Yustina alimsogelea mbele ya umati wote.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

"Haya, baba Anastazia. Twende tumtafute."

Akamshika koti, wakatoka kwenye mwanga, wakaingia nyasini. Hakuna aliyecheka wala aliyewafuata. Tulisikia sauti zao zikiita jina, ya mzee na ya mama, kwa zamu, zikienda mbali. Watu wazima walilia. Walirudi baada ya muda, miguu imelowa umande, wakakaa chini wakala chakula katika sahani moja. Dereva wetu, mwenyeji wa hapa, aliniambia kwamba Kagondo nzima inajua wawili hao hawajala pamoja tangu mtoto apotee.

Lakini mimi, Mama Neema, niliendelea kulisikia lile koti. Njia nzima ya kurudi nilikaa juu ya lori, na kila nilipofumba macho lilivutwa. Kesho yake msimamizi akaja amefurahi, akasema vijiji vingine viwili vimeomba taa, nibaki mwaka mmoja zaidi. Nikamjibu nimekataa. Akashangaa, akaniuliza nina tatizo gani. Nikamwambia mtoto wangu ana miaka sita na siijui tena sauti yake.

Barua hii naipeleka posta leo, na mimi nitapanda meli ya Mwanza Jumamosi, kisha treni. Huenda nikafika karibu nayo.

Nisalimie mama yangu, asijisumbue kuja kunipokea stendi na kifua kile. Msalimie kaka Mbonea, mwambie nimeona kahawa za huku na zetu bado ni bora. Baba mkwe umpe heshima zangu, nitamfikia mwenyewe nimwombe radhi kwa kukuacha peke yako muda wote huu. Na shangazi Nakijwa, aliyekusaidia kulima, ahsante yake ninayo.

Neema usimwambie kwamba ninakuja. Mwambie tu kwamba akiniona njiani asiniite kwa mbali. Aje anishike.

Ni mimi mumeo,
Eliya