Ombi la Kabula Ng'wandu

Jovitha, rafiki yangu,

Tangu tukuzike Rulenge sijaweza kukaa kwenye kiti chako. Kompyuta yako naitumia nikiwa nimesimama. Walimu hapa shuleni wanadhani mgongo unaniuma.

Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Halikuwa lako, Jovi. Lilikuwa langu.

Nilipotengeneza kichujio cha usalama cha fomu yetu ya mtandaoni ya kuombea nafasi za bweni, kile kinachokagua kila kilichoandikwa kabla hakijapokelewa, ulisimama nyuma yangu ukimenya karanga. Ukasema, "Adelina, kiwekee kumbukumbu. Kikimkataa mtu, kiandike kimemkataa saa ngapi na kwa nini." Nikakujibu, "Baadaye, bibi wee, tuna haraka." Ukacheka.

Kisha fomu ikaanza kuwakataa baadhi ya wazazi. Wao waliona maneno mawili tu, "Ombi limekataliwa." Sisi hatukuona chochote. Tukijaribu kwa majina yetu, inapita. Siku ya kikao cha wazazi, Mama Kabula kutoka Runazi akasimama, akasema mtandao wetu unawabagua Wasukuma. Mkuu wa shule akauliza nani anahusika. Mimi nikatazama sakafu. Wewe ukainuka. "Ni mimi, mkuu." Ukaomba radhi kwa kosa usilolijua. Njiani hukunilaumu, uliniuliza tu kama nimekula.

Muhula haukuisha, figo zikakuchukua.

Juma lililopita niliiweka hiyo kumbukumbu. Kazi ya asubuhi moja! Asubuhi moja, Jovi. Inaandika saa, jina la mwombaji, sehemu ya fomu iliyokataliwa, na kanuni iliyoikataa. Nywila na namba za simu haiziandiki, kama ulivyotaka. Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, mistari ilikuwa imeshajipanga, yote inataja kanuni ileile: kile kialama cha juu kwenye ng'. Wezi wa mtandao hukitumia kupenyeza amri zao, nami nikakipiga marufuku kila mahali, hata kwenye majina ya watu. Ng'wandu. Ng'washi. Mstari wa tatu ulikuwa wa Mama Kabula, bado anajaribu. Nililia mpaka mpishi akaja kuniuliza nimefiwa na nani tena.

Nimerekebisha. Majina yanapita sasa, na mstari wa amri ya wizi bado unakataliwa, nimejaribu mwenyewe. Nikashika simu nikupigie. Namba yako nikaipata, nikairudisha simu mezani.

Nikaenda Runazi kwa Mama Kabula, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini, akasema, "Yule mwenzako nilimtukana mbele za watu. Mbona hukusema akiwa hai?"

Nikakaa naye kuchagua maharage mpaka yakaisha.

Kabula amepata kitanda bwenini. Ana kikohozi na anapenda kuimba, ungempenda.

Jumapili nakuja Rulenge. Nitapita kaburini kwanza, kisha nitaingia kwa mama yako, nitamwamkia, na nitamwambia kwa kinywa changu kwamba mwanaye alibeba aibu yangu nami nikamwacha aibebe. Naogopa uso wake, maana ni uso wako. Lakini nitamwambia, nakuahidi. Akinifukuza, nitarudi Jumapili inayofuata.

Pumzika, Jovi wangu. Nisamehe.

Adelina